Herufi Zipo, Mstari Umepotea

Mwaka 1839 walizaliwa wavulana wawili, mmoja Paris, mwingine katika nchi za Wajerumani. Wote wawili walikuja kuwa madaktari wa macho, na wote wawili macho yao wenyewe yaliingiwa na glakoma. Mfaransa, Louis Émile Javal, alichunguza jinsi jicho linavyosoma. Mjerumani, Ludwig Laqueur, alitafuta dawa, akaipata ndani ya punje ya Kiafrika. Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia jina Balambala. Lakini mimi siwezi kueleza kilichompata babu yangu, aliyekuwa maalim wa duksi pale Balambala kwa zaidi ya miaka 40, bila kupitia kwao.

Kama hujafika Balambala: unatoka Nairobi, unapita Thika, unapita Mwingi, unavuka daraja la Tana na kuingia Garissa mjini, kisha unaufuata mto kuelekea juu kwa barabara ya vumbi. Kuna migunga, kuna ngamia na mbuzi, kuna vishamba vya kando ya mto, na kuna mto wenyewe, ambao una mamba. Mvua ikikolea, unangoja. Na huko, muda mrefu kabla ya shule ya serikali, kusoma kulimaanisha duksi. Mtoto huandika aya kwenye loox, ubao wa mbao, kwa wino wa makaa. Anaikariri mpaka inamkaa. Halafu anaufuta ubao kwa maji na kuandika aya nyingine. Nimelifikiria jambo hili sana: ni elimu ambayo maandishi yameandikwa ili yahame, yatoke ubaoni yaingie kichwani, na ubao ubaki mtupu. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa Javal. Kabla yake watu waliamini kwamba msomaji huteleza na mstari, jicho likienda taratibu kama kalamu inavyokwenda kwenye karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1870, akiwa Paris, Javal aliandika kwamba sivyo. Jicho linaruka. Linatua, linashika herufi chache, linaruka tena. Msaidizi wake mmoja alifikia hatua ya kuweka kifaa kwenye kope na kusikiliza kwa mpira uliofika sikioni, akihesabu mirindimo ya jicho lililo kazini. Hebu fikiria, mtu anasikiliza kusoma!

Ugunduzi huu unaonekana mdogo mpaka ujiulize swali moja: jicho linajuaje pa kurukia? Katikati ya uoni wetu ndipo tunapoona herufi kwa ukali, na sehemu hiyo ni ndogo mno, inatosha neno moja au mawili. Kazi ya kupanga mruko unaofuata hufanywa na sehemu zinazozunguka pale katikati. Hizo hazisomi. Zinaona tu kwamba mbele kuna neno refu, kwamba mstari unaishia pale, kwamba mwanzo wa mstari unaofuata uko kule chini. Ni kama utingo wa matatu: dereva hamwangalii, lakini bila yeye gari haliegeshwi.

Glakoma humla utingo kwanza.

Wengi huiita presha ya macho, na jina hilo limepotosha wengi, maana mtu anadhani ni ile presha ya damu, apunguze chumvi yaishe. Hapana. Ndani ya jicho kuna umajimaji unaotengenezwa na kutoka kila saa. Njia ya kutokea ikiziba kidogo kidogo, mara nyingi shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka jichoni hadi ubongoni huanza kufa, uzi baada ya uzi. Yapo hata macho ambayo mshipa hufa shinikizo likiwa la kawaida. Katika aina iliyoenea zaidi kwetu hakuna maumivu. Hakuna wekundu. Uzi uliokufa haufufuki. Na kwa kawaida nyuzi zinazobeba sehemu za pembeni ndizo hutangulia, huku katikati pakibaki pazima hadi karibu na mwisho. Waarabu wameuita ugonjwa huu maji ya buluu, na mtoto wa jicho wakauita maji meupe. Wagiriki nao walikuwa na neno lao la rangi ya buluu-kijivu, na humo ndimo jina glakoma lilimotoka. Majina yote ya rangi, kwa ugonjwa ambao miaka yake mingi hauna rangi yoyote. Mtoto wa jicho unaweza kumwona mtu nao kutoka ng'ambo ya barabara. Glakoma utakaa nayo meza moja miaka 10 na usijue.

Javal alikaa nayo. Jicho moja lilitangulia kuzimika, na kufikia mwaka 1900 alikuwa kipofu kabisa. Mwaka 1903 alichapisha kitabu cha ushauri kwa watu waliopofuka ukubwani, na mwaka 1905 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya kusoma na kuandika. Kitabu kikuu cha zama zake kuhusu kusoma kilitoka wakati mwandishi wake hawezi kusoma hata jina lake kwenye jalada. Alifariki mwaka 1907.

Kuna Mholanzi mmoja ambaye simlaumu, ila kazi yake inaingia katika kisa chetu kwa ubaya. Mwaka 1862, huko Utrecht, Herman Snellen alitoa ile chati ambayo sote tumewahi kusimama mbele yake, herufi kubwa juu, ndogo chini. Kwa wasiojua herufi ikaja ile ya E zinazogeuka huku na huku, unaonyesha kwa mkono zinaelekea wapi. Chati ile ni kitu cha ajabu: karatasi moja, ukuta, hatua kadhaa, umemaliza. Imefika kila kona ya dunia, Balambala ikiwemo. Lakini chati hupima katikati ya uoni tu. Inakuuliza kama unaona herufi. Haikuulizi kama unauona mstari. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 150 kipimo kinachojulikana kuliko vyote kimekuwa kikipima sawasawa kile ambacho glakoma hukiacha mwisho.

Babu alisimama mbele ya chati hiyo mwaka 2008. Kulikuwa na kambi ya macho Garissa mjini, iliyokuja kutafuta watu wa kupasuliwa mtoto wa jicho. Yeye alikuwa amelalamika kwamba taa za nyumbani hazina nguvu siku hizi, na kwamba vitabu vinapigwa chapa hafifu. Akaonyesha E zote kwa mkono, mpaka mstari wa chini kabisa. Aliyempima alicheka kwa furaha na kumwambia, "Mzee, macho yako ni ya kijana." Akarudi nyumbani na miwani ya kusomea, na sifa. Sifa zile zilituponza miaka minne, kwa sababu kila tulipotaja hospitali alitukumbusha kwamba ana macho ya kijana.

Hapa ndipo loox inarudi. Babu alikuwa hafidhi. Alfajiri alikaa na wenzake kwenye subac, ile duara ambayo kila mtu husoma aya yake na kumwachia wa pembeni, inazunguka hivyo. Msahafu uliwekwa mbele yake, akafungua kurasa kwa wakati wake, kidole kikafuata. Nani angejua kama kidole kinafuata macho au macho yanafuata kumbukumbu? Nadhani hata yeye hakujua. Ubongo wa msomaji mzoefu hujaza mapengo, na wa hafidhi hujaza ukurasa mzima. Alikuwa ameacha kusoma bila kuacha kisomo.

Kilichomfichua ni Jalalayn. Hii ni tafsiri ya Kurani iliyoanzwa na Jalaluddin al-Mahalli na kukamilishwa na mwanafunzi wake, Jalaluddin as-Suyuti, katika karne ya 15, na wanafunzi wengi wa Kisomali wameipitia. Maneno ya tafsiri yamefumwa katikati ya maneno ya aya, na katika machapa ya zamani kurasa zimebanana, herufi ndogo, pambizo zimejaa. Aya alikuwa nazo moyoni. Maneno yaliyo katikati ya aya hakuwa nayo. Basi akawa anasoma vizuri, anafika katikati, anakwama, anaruka, na anaangukia mstari wa tatu badala ya wa pili. Kisha akaanza kuwaachia wanafunzi wasome yeye aeleze. Hiyo ni desturi ya kale ya darasa, mwanafunzi husoma na mwalimu hufasiri, kwa hiyo haikuonekana kama udhaifu. Ilionekana kama daraja.

Nilikuwa likizoni, kidato cha pili, nilipomwomba anisomee sentensi moja humo. "Awowe, nisomee hapa."

"Soma wewe, awowe, nakusikia." Kwetu babu humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye.

"Lakini herufi unaziona?"

"Herufi naziona zote," akasema. "Zinanikimbia tu."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 2013 watafiti wa London waliwapa wagonjwa 50 wa glakoma picha kadhaa wachague ile inayofanana na wanavyoona. Hakuna hata mmoja aliyechagua ile picha ya tundu jeusi, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, ambayo mabango ya hospitali huipenda sana. Walichagua zenye ukungu mahali fulani, au zenye vitu ambavyo havipo tu: gari halipo, mtu hayupo, na nafasi yake imejazwa ukuta. Mwaka huo huo wenzao wa Baltimore walichapisha utafiti wa kusoma. Kipande kifupi cha kusoma kwa sauti hakikuwaelemea sana wagonjwa. Walipoachwa wasome kimya kwa nusu saa, wale ambao macho yote mawili yameathirika walikuwa wa polepole zaidi, na kadiri dakika zilivyokwenda kasi yao ikazidi kushuka. Kusoma kwao ni kama kubeba maji kutoka mtoni, mtungi wa kwanza hauna neno.

Na kuna jambo la mwelekeo. Msomaji wa Kiswahili huangalia zaidi kuliani, huko ndiko neno linalofuata liliko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wachunguzi walipowapima wasomaji wa Kiebrania waliona kinyume chake, eneo linalowasaidia limehamia kushoto, kwa kuwa maandishi yanakwenda huko. Kiarabu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo jicho moja lenye doa upande mmoja linaweza kumsumbua mtu kwenye msahafu kuliko kwenye Taifa Leo. Miwani ya duka haijui hayo.

Mwaka 2012 ndipo daktari mmoja Nairobi alipomulika ndani ya macho yake na kuutazama mshipa wenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebaki na kidirisha.

Unaweza kuuliza, nami niliuliza kwa hasira, kwa nini ilichukua muda huo wote. Jibu rahisi ni umbali, na umbali ni kweli. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, na sheria zake hazikufutwa mpaka 1991. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba gari la serikali likija halijaleta daktari. Lakini umbali haumalizi jibu, kwa sababu hata huko ambako huduma za macho zilifika mapema, zilikwenda kutafuta kitu kingine. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza kufunza wasioona pale Thika, shule ambayo basi la Garissa hupita mjini mwake. Miaka hiyo hiyo ya 1940, huko Nyanza, kulikuwa na vita dhidi ya inzi anayeleta upofu wa mtoni. James McMahon na wenzake walimwaga DDT kwenye mito mpaka inzi akaisha, na Kenya ikawa mfano. Mwaka 1956 likaja Shirika la Wasioona la Kenya, kwa sheria ya bunge. Kazi kubwa zote, sizidharau. Lakini tazama zinahusu nini: inzi wa kuua, au mtu ambaye tayari haoni.

Glakoma haina inzi. Haina hata siku ya kuanza. Shirika la Afya Duniani na wenzake walipozindua mpango wa Vision 2020 mwaka 1999, orodha ya kwanza ya kushughulikiwa ilikuwa na mtoto wa jicho, trakoma, upofu wa mtoni, upofu wa watoto, na miwani pamoja na uoni hafifu. Glakoma haikuwemo, ilhali ndiyo inayoongoza duniani kwa upofu usiorudi nyuma. Sababu yao ilikuwa ya kihasibu na inaeleweka: mtoto wa jicho unampasua mtu leo, kesho anaona, picha inapigwa, mfadhili anafurahi. Mgonjwa wa glakoma unamtibu maisha yake yote, na ukifaulu kabisa, haoni tofauti yoyote. Nani atapiga picha hiyo?

Mwaka mmoja baada ya uzinduzi ule zilichapishwa takwimu kutoka Kongwa, Tanzania. Watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa vijijini, na asilimia 4.16 wakakutwa na glakoma. Karibu 4 katika kila 100. Chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye msikiti wowote siku ya Ijumaa, safu za wazee, uhesabu. Balambala haijapimwa hivyo kwa ninavyojua mimi, lakini sina sababu ya kudhani mto unaukinga mji.

Sasa Laqueur, nisije nikamsahau. Huko Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na punje iitwayo esere, waliyomlisha mtuhumiwa wa uchawi: akitapika ni msafi, akifa ndiyo hukumu. Wamisionari waliipeleka Scotland. Profesa Robert Christison wa Edinburgh aliitafuna mwaka 1855 ili ajue, na nusura ajue zaidi ya alivyotaka. Baadaye ikaonekana kwamba dondoo lake hufinya mboni ya jicho, na mwaka 1876 Laqueur, akiwa Strasbourg, akatangaza kwamba hushusha shinikizo la glakoma. Alikuwa akiyajaribu matone hayo kwenye macho yake mwenyewe. Yaani tone la kwanza lililofaa kwa ugonjwa huu lilitoka Afrika, kwenye kiapo cha kufa na kupona. Tangu hapo limekuja timolol, mwaka 1978 huko Marekani, na latanoprost mwaka 1996, yote mazuri kuliko esere.

Mazuri, ila yalitengenezewa watu wa wapi? Chupa ya latanoprost kabla ya kufunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji. Ikishafunguliwa iwe chini ya nyuzi 25, kwa wiki 6. Nyuzi 25 Balambala ni saa kumi na moja alfajiri, tena ukiwa na bahati. Timolol haihitaji friji, lakini mwenye pumu haimfai, na kila moja unaitia kila siku mpaka ufe, kwa pesa zako. Babu aliambiwa atie tone usiku, na alitia, kwa mkono uliokuwa unatetemeka, nusu ikaenda shavuni. Ndiyo maana utafiti wa KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, niliusoma nikiwa nimesimama. Wagonjwa 201: baadhi walipewa timolol, baadhi wakapigwa leza, kazi ya dakika chache. Baada ya mwaka, matibabu yalikuwa yamefaulu kwa asilimia 31 ya macho yaliyotiwa matone, na kwa asilimia 61 ya yaliyopigwa leza. Hiyo ni Tanzania, si Baltimore. Mashine moja mjini Garissa ingebadilisha hesabu za mto mzima, na hilo nalisema kama mtu mwenye maslahi.

Maslahi yangu ni haya. Glakoma hutembea na damu: mzazi au ndugu akiwa nayo, hatari yako hupanda mara kadhaa. Babu alifariki mwaka 2016, akiwa na Kurani yote kichwani na bila Jalalayn. Mwaka jana nilimleta mama yangu Nairobi, akiwa na miaka 58, haoni tatizo lolote, amekasirika kuachishwa shughuli zake. Chati aliisoma yote. Kisha akawekewa kidevu kwenye ile mashine ya taa ndogo zinazomwekamweka pembeni, unabonyeza kila ukiiona. Kwenye kipande kimoja cha jicho la kushoto hakubonyeza. "Hapo hamkuwasha," akamwambia fundi. Waliwasha. Macho yangu kwa sasa ni mazima, narudi kila mwaka.

Leza alisema ataifikiria. Amekubali matone. Chupa zake nanunua mimi Eastleigh, nazitia ndani ya thamosi yenye barafu, nampa kondakta wa basi la usiku, na Garissa binamu yangu anazipokea na kuzisogeza Balambala, kwenye friji ya duka la soda la jirani. Simu yake mama alikuwa ameikuza herufi mpaka mstari mmoja unabeba maneno mawili. Nikamwomba apunguze, kwa sababu dirisha likiwa dogo, neno kubwa nalo halitoshi. Alhamisi iliyopita chupa ya tano ilisafiri. Nilizoea kujibiwa kwa sauti. Safari hii aliandika: "Hoyo, imefika ikiwa baridi. Umeandika Balambala bila b ya mwisho."